Khutba ya Ijumaa: Mvua ikiharibu mboga zilizokwisha kuuzwa, hasara ni ya nani?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye mawingu ni jeshi lake na matone ya mvua yamo katika hesabu yake. Rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninawausia nyinyi na kuiusia kwanza nafsi yangu, yenye makosa, tumche Mwenyezi Mungu. Leo mtaona kwa nini nimesema nafsi yangu kwanza.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa Katuba tunakula kwa jasho la bustani. Hata yule ambaye halimi, mke wake anauza lenga-lenga, au mama yake ana matuta matatu nyuma ya lupango, au bukari yake ya jioni inangoja matembele ya jirani. Na wote tunajua tabia ya mbingu ya Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa ni kipwa, hakuna tone. Kisha mvua inaanza, na kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu inashuka karibu maji yote ya mwaka, milimita 1,200 hivi. Miezi mitano tunatafuta maji kwa bidoni, na miezi mitano mingine tunatafuta pahali pa kuyapeleka. Mkulima wa bondeni, upande wa mto Kafubu, analia mara mbili katika mwaka mmoja: mwezi wa tisa kisima kimebaki matope, mwezi wa kwanza tuta limekuwa kisima.

Nataka tuanze na Ijumaa mbili za Mtume wetu (s.a.w.). Habari hii wameipokea Imam Bukhari na Imam Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume tangu utoto. Madina ni nchi kavu, haifanani na kwetu. Basi Ijumaa moja Mtume amesimama anatoa khutba, akaingia mtu kupitia mlango unaoelekea mimbari. Hakungoja khutba iishe. Akamwambia Mtume ya kwamba mali zinaangamia na njia zimekatika, basi awaombee mvua. Mtume akainua mikono yake, akaomba mara tatu. Anas anasimulia kwamba hawakuwa wanaona wingu hata dogo kati yao na mlima wa Sal'i. Kisha likatokea nyuma ya mlima wingu dogo la mviringo kama ngao, likafika katikati ya mbingu, likatanda, ikanyesha. Wakakaa wiki nzima hawaoni jua.

Ijumaa iliyofuata Mtume amesimama tena pale pale, akaingia mtu kupitia mlango ule ule. Je, alikuwa yule yule? Waliposimuliwa walimwuliza Anas, naye akajibu kwamba hajui. Mtu huyu akasema mali zinaangamia na njia zimekatika, basi atuombee mvua izuiwe.

Mmesikia, ndugu zangu? Maneno ni yale yale. Wiki ya kwanza mali zinaangamia kwa kukosa maji, wiki ya pili mali zinaangamia kwa maji. Na Mtume hakumkemea. Hakumwambia, "Si mlitaka wenyewe?" Sisi tungesema hivyo. Mimi ningesema hivyo! Yeye aliinua mikono mara ya pili kama mara ya kwanza.

Tena angalieni alichoomba. Hakuomba mvua ikatwe. Aliomba ihamie pembeni mwao isiwe juu yao, iende vilimani, mabondeni na pahali miti inapoota. Yaani aliitakia mvua ile mahali pa kufanyia kazi. Wakatoka msikitini wanatembea juani. Hii ni adabu kubwa. Neema ikizidi hatuilaani, tunaiombea njia. Nasikia vijana wetu, maji yakiingia nyumbani usiku, wanaitukana mvua. Mvua ni kiumbe aliyetumwa, ndugu yangu. Utamtukana mjumbe?

Na kuna wengine wenye ulimi mbaya zaidi. Wakiona tuta la fulani limezama wanasema, "Huyo Mungu amemlipa." Ni kweli, katika Sura ya Al-Qalam tumesimuliwa habari za wenye bustani walioapa kwenda kuvuna alfajiri ili masikini wasiwaone, wakaikuta bustani imeteketea usiku. Lakini hiyo Mwenyezi Mungu ndiye aliyetuambia sababu yake. Wewe nani amekuambia sababu ya tuta la jirani yako? Tarehe 4 mwezi wa tano 2023 mvua iliporomosha milima kule Kalehe, Kivu ya Kusini, watu zaidi ya 400 wakafa, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watoto wachanga walikuwamo. Mwaka uliofuata, jirani zetu wa Zambia mvua iliwakatikia mwezi wa pili wakati mahindi yanataka kubeba. Tarehe 29 mwezi huo wa pili 2024 rais wao alitangaza janga la taifa. Katika hekta milioni 2.2 za mahindi zilizopandwa, kama milioni 1 zilikuwa zimeharibika. Na unga wetu unapita wapi kama si Kasumbalesa? Je, Wazambia walikuwa waovu na sisi tuliokula mahindi yao tulikuwa wema? Tumche Mungu, tufunge midomo. Kinachotuhusu ni hiki: Mwenyezi Mungu akishaamua mvua yake, sisi tunafanyiana nini chini yake.

Hapo ndipo kuna jambo langu. Nitalisema mbele yenu kwa sababu nililihukumu mbele yenu, kwenye baraza la msikiti huu, na watu walikuwa wamekaa wanasikia. Wenye jambo wote wawili wamenipa ruhusa. Majina siyataji, na anayewajua anyamaze.

Mama mmoja, muuzaji wa sokoni, alinunua kwa baba mmoja mkulima matuta kumi na mawili, lenga-lenga na chou de Chine, kila tuta franka 10,000. Alilipa zote, 120,000, kwa sababu yule baba alikuwa na haja. Ndivyo tunavyofanya hapa, mama ananunua tuta likiwa limesimama, anakuja kukata kidogo kidogo kadiri ya kichwa chake kinavyobeba. Matuta matatu akakata, akauza. Usiku wa siku ya nne ikashuka mvua ile ambayo mnaikumbuka, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Matuta tisa yakalala ndani ya maji siku tatu. Maji yalipoondoka, mboga zilikuwa zimeoza shina. Mama akadai franka 90,000 zake. Baba akasema, "Nimekwisha kuuza. Tuta lilikuwa lako. Ungeuza kwa faida ungeniletea faida?" Wakaja kwangu baada ya Alasiri.

Mimi sikukaa hata dakika tano. Nilisema, kilichouzwa kimeuzwa, mnunuzi amekabidhiwa, hasara iliyotokea baadaye ni yake, amwombe Mungu subira. Yule mama akasema, "Nimesikia, Shehe." Akainua beseni lake akaenda. Darsa ya akina mama ya Jumapili hakuonekana, wala iliyofuata.

Siku ile alikuwapo hapa mzee mmoja mgeni wetu, Mswahilina wa Afrika ya Magharibi, mfanya biashara wa vitambaa. Watu walipotawanyika alinisogelea kwa heshima, akaniambia kwa Kifaransa chake ya kwamba kwao, kwa Imam Malik, jambo hili halihukumiwi hivyo. Nilimjibu kwa ukali kidogo, kwamba sisi hapa tunafuata Imam Shafii. Akatabasamu, akaenda zake. Lile tabasamu, ndugu zangu, lilininyima usingizi.

Nilirudi kwenye vitabu, usiku wa kwanza na wa pili na wa tatu. Mimi mwenzenu nimesoma kwa mwalimu, juu ya jamvi, tangu utoto, na kitu alichokuwa akituambia mwalimu wangu, Mungu amrehemu, ni kwamba mwanafunzi anayesoma nusu ya mlango ni hatari kuliko asiyebisha hodi. Nikakuta nimesoma nusu ya mlango.

Nitawaeleza taratibu. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume ameamrisha thamani ya mazao yaliyopigwa na janga iondolewe kwa mnunuzi. Tena amekataza mtu aliyemwuzia ndugu yake matunda, yakapatwa na janga, asichukue kitu kwake, na akauliza, utaichukuaje mali ya ndugu yako bila haki? Na kutoka kwa Anas tena, yule yule wa habari ya mvua, imepokelewa maana kama hiyo: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda, kwa sababu gani unaihalalisha mali ya ndugu yako?

Juu ya hadithi hizi Imam Malik na Imam Ahmad wamesema muuzaji anabeba hasara. Wamaliki wanapima: kwa matunda hasara ifike theluthi, lakini kwa mboga za majani wengi wao wanasema inaondolewa ikiwa ndogo au kubwa. Na hasara ya kukauka kwa kukosa maji, hiyo nayo inaondolewa ndogo au kubwa, kwa sababu mwenye kununua mmea amenunua pamoja na maji ya kuufikisha.

Imam Shafii, katika kauli yake mpya aliyoisema Misri, na Imam Abu Hanifa, wameona kwamba mnunuzi akishakabidhiwa, hasara ni yake, na kumsamehe ni jambo la kupendeza tu. Imam Nawawi ametolea mfano wa mvua ya mawe. Nao wana hoja yenye nguvu. Kuna mtu zamani za Mtume aliyenunua matunda yakaharibika, madeni yakamlemea. Mtume akawaambia watu wamtolee sadaka. Sadaka haikutosha, akawaambia wanaomdai wachukue kilichopatikana, hawana zaidi ya hicho. Maulamaa hawa wanasema, kama deni lingekuwa limefutwa na janga, sadaka ya nini?

Basi mimi nilikuwa na imamu wangu nyuma yangu. Lakini tazameni nilichokiruka. Kwanza, imamu huyo huyo, katika kauli yake ya kale aliyoisema Iraki, aliiweka hasara kwa muuzaji. Pili, vitabu vyetu vya Kishafii haviruhusu mboga mbichi iliyo ardhini iuzwe peke yake mpaka liwepo sharti la kuikata. Hao wawili hawakuweka sharti lolote, na sisi wote hapa Katuba hatuliweki. Kwa hiyo biashara yenyewe ilikuwa na kasoro kwa kitabu kile kile nilichomhukumia. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, hata wanaosema mnunuzi anabeba, wanasema kumsamehe kunapendeza. Mimi sikumwambia yule baba neno hata moja la kupendeza. Nilimpa haki yake kavu kama jiwe, nikamwambia mama avumilie.

Nilikosea. Nalisema juu ya mimbari. Sayyidna Umar (r.a.) alimwandikia kadhi wake Abu Musa kwamba hukumu ya jana isikuzuie kurudi kwenye haki leo. Kama Umar alimruhusu Abu Musa kurudi, mimi ni nani nione haya?

Niliwaita wote wawili. Yule baba aliponisikia alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Shehe, pesa nimekwisha kutumia. Nimelipa shule, nimenunua mbegu. Wewe ndiye uliniambia ni halali yangu. Nimekula kwa neno lako." Sikuwa na jibu, kwa sababu ana haki. Tukakubaliana hivi, mashahidi wawili wakiwapo. Katika franka 90,000, mimi nalipa 30,000, na nimekwisha kuzitoa. Zilizobaki 60,000 ni deni la yule baba mpaka kipwa. Akitaka kulipa kwa mboga, na mama akiridhia, mboga zitahesabiwa kwa bei ya siku hiyo, si kwa bei ya leo. Mama akasema 10,000 anaacha, anamsamehe kwa ajili ya watoto wake. Hakuna aliyemwomba. Basi deni ni 50,000.

Sasa, kuanzia leo, atakayeniletea jambo la tuta nitalihukumu hivi: mboga zilizouzwa zikiwa ardhini, mvua au ukame ukiziharibu kabla ya wakati wake wa kukatwa, muuzaji arudishe thamani ya zilizoharibika. Na akiwa mnunuzi ni jirani yetu Mkristo, ni hivyo hivyo. Haki haiulizi mtu anasali wapi.

Lakini akina mama, ngojeni msishangilie. Wako wanaonunua tuta limekomaa, siku ya kukata imefika, wanaliacha makusudi wiki nzima wakingoja bei ipande sokoni. Mvua ikija hapo, hiyo ni hasara yako, mama yangu. Hata Wamaliki wanasema hivyo. Muuzaji alikupa mboga, wewe ukachagua kucheza na mawingu.

Ndiyo maana naomba muandike. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni, nasi tunaisoma kwa sauti nzuri halafu tunapeana pesa gizani. Chukueni karatasi ya daftari la mtoto. Andikeni idadi ya matuta, bei ya kila tuta moja moja, siku ya kukata, na majina ya mashahidi wawili. Msiuze kwa jumla, "bustani hii yote kwa kadha wa kadha", kwa sababu likizama nusu hamtajua nusu ni pesa ngapi.

Kuhusu kipwa nitasema kwa ufupi, maana ugomvi wa visima tutaurudia mwezi wa nane, kama tukiwa hai. Zubeir (r.a.), binamu yake Mtume, aligombana na mtu wa Madina juu ya mfereji wa maji uliopita kwanza kwa Zubeir. Mtume akamwambia Zubeir amwagilie, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani. Yule mtu akakasirika, akasema umehukumu hivyo kwa sababu ni binamu yako. Mtume akabadilika uso, ndipo akampa Zubeir haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo. Waliopima baadaye walisema ni kina cha vifundo vya miguu. Mwanzoni Mtume alimwomba Zubeir apunguze haki yake kwa ajili ya ujirani. Mwenye kisima hapa Katuba anayefunga kifuniko kwa kufuli hali maji yamemzidi, na tuta la jirani linakauka mbele ya macho yake, asije kuniuliza haki yake ni ipi. Aniulize ujirani wake uko wapi.

Na wakati wa mvua kuna dhuluma nyingine, ya mfereji. Mtu anachimba njia ya kutoa maji kwenye matuta yake, anaielekeza moja kwa moja kwa mwenzake aliye chini. Mtume aliomba mvua iende pembeni. Pembeni maana yake vilimani na mabondeni, si kwenye tuta la mjane! Wenye bustani za bondeni moja wakutane, wachimbe mfereji mmoja mkubwa wa wote mpaka mtoni, kila mtu na jembe lake siku moja. Kazi ya asubuhi moja inaokoa mboga za mwezi.

Ninyi wakulima mnajua kazi yenu kuliko mimi, lakini nimeona bustani zinazosimama na zinazolala. Wakati wa mvua matuta yanayosimama ni yaliyoinuliwa juu, kiasi cha kiganja na zaidi, na njia kati yake zimechimbwa. Wakati wa kipwa ni kinyume chake, tuta linashushwa chini kidogo ili maji yasikimbie. Majani makavu juu ya udongo yanasaidia nyakati zote mbili, mvua kali haipigi udongo na jua halinyonyi maji. Vitalu vya miche vifunikwe kibanda cha majani. Mnayajua hayo. Mnachelewa tu.

Tena ugumu mmoja ni wa pesa. Imam Muslim amepokea habari ya mtu aliyesikia sauti kutoka winguni ikiamrisha bustani ya fulani imwagiliwe. Akalifuata lile wingu, akaona maji yote yamekusanyika katika mfereji mmoja, na mwisho wake mtu mmoja na jembe lake anayaelekeza. Akamwuliza, wewe unafanya nini hata wingu likuite kwa jina? Akasema mazao yake anayagawa sehemu tatu: theluthi anatoa sadaka, theluthi anakula na watoto wake, theluthi inarudi bustanini. Sisi tunaikumbuka theluthi ya sadaka kwa kusifu na theluthi ya kula kwa vitendo. Ile ya kurudi bustanini tunaisahau. Hiyo ndiyo mbegu ya pili mvua inapoiondoa ya kwanza. Hiyo ndiyo ingalimlipa yule mama siku ile ile bila kugombana. Na angalieni tena, mtu yule alikuwa na wingu la muujiza juu ya kichwa, lakini jembe lilikuwa mkononi.

Neno moja la pembeni. Si kila maji yanayoharibu bustani yametoka mbinguni. Mwezi wa kumi na moja 2025 maji ya taka ya kampuni moja ya madini yalimwagika na kuingia katika makazi ya watu, upande wa Annexe. Msiseme hapo "ni kadari ya Mungu" mkakaa. Maji ya kiwanda yana mwenyewe, na mwenyewe anadaiwa kwa sheria. Na wewe unayemwagilia mboga za kuwauzia watu kwa maji unayojua ni ya sumu, hukumu ya kampuni hiyo inakuhusu wewe pia.

Nasema haya na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha. Nabii Nuhu (a.s.) aliwafungamanishia watu wake mambo mawili haya, kuomba msamaha na kuletewa mvua.

*Khutba ya pili*

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ewe Mola wetu, mvua hii uliyotuletea ipe njia. Iteremshe kwenye misitu, vilimani na katika mashamba yanayoingoja, utuepushe nayo milangoni na vitandani mwa watoto wetu. Ndugu zetu ambao mbingu imefungwa juu yao, wafungulie. Waliopoteza mboga, warudishie. Waliopotezewa haki kwa hukumu ya mwanachuoni mwenye haraka, walipe wewe, na umsamehe mwanachuoni huyo. Warehemu wazazi wetu na waalimu wetu. Ipe amani nchi yetu, mashariki yake na pande zake zote. Amin.

Matangazo ni mawili. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, wenye bustani za bondeni wakutane hapa mlangoni na majembe yao kwa ajili ya mfereji. Na kesho hiyo hiyo baada ya Alasiri nitakaa barazani. Mtu yeyote niliyewahi kumhukumia jambo la tuta kabla ya leo, akiona nilimdhulumu, aje, na mwenzake aje naye. Yule mzee wa vitambaa nimemwomba akae pembeni yangu, na amekubali.

Simameni, nyosheni safu. Akimu swala.